Jeshi lisilomhitaji mwanakijiji

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama nchi changa inayopambana na waasi ipokee msaada wa kijeshi kutoka nje, na hatari yake ni ipi. Wengi watataja madeni na ukoloni mamboleo. Mimi nataka kumtaja mama mmoja wa viazi.

Nauza mbegu na mbolea hapa Chwele, Kaunti ya Bungoma. Miaka ile ya 2006 hadi 2008, wapiganaji wa SLDF, kundi la waasi waliodai ardhi, walipoushika Mlima Elgon, akina mama waliteremka sokoni kwetu na magunia yao, wakauza kimya kimya. Huyu mmoja alizoea kupumzika kwenye benchi langu. Alijua vijana wale wanapita njia gani usiku, na nyumba zipi zinalazimishwa kuwapikia. Hakumwambia askari yeyote. Walioshukiwa kutoa habari walikuwa wakikatwa masikio. Kisha jeshi likapanda mlimani Machi 2008, wanaume wakazolewa kwa jumla, mwenye hatia na asiye nayo, na watetezi wa haki za binadamu wakaandika kurasa nyingi kuhusu mateso. Jeshi letu limefundishwa na Waingereza tangu uhuru, lakini mafunzo hayo hayakumpa mama yule sababu ya kufungua mdomo.

Serikali hushindwa vita na waasi kwa kukosa habari kama zile alizokuwa nazo yeye. Jeshi linaloishi kwa kodi ya wananchi, likikwama, mwisho hulazimika kuwabembeleza. Linaloletewa ndege, mafuta na posho kutoka ng'ambo laweza kupigana miaka na miaka bila kumhitaji mwanakijiji hata siku moja. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko zote.

Tazameni Mali. Wafaransa walipoingia Januari 2013 kupambana na waasi wa jihadi walipokewa kwa vifijo, na haki yao siwanyimi: Timbuktu ilikombolewa mwezi huohuo. Lakini tarehe 3 Januari 2021 ndege zao zilishambulia kijiji cha Bounti. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema pale palikuwa na harusi, na kwamba kati ya watu 22 waliouawa, 19 walikuwa raia. Ufaransa ilikana, ikashikilia kuwa iliwapiga magaidi. Sasa mzee wa Bounti aliyemzika mwanawe aende kwa nani? Serikali ya Bamako haikurusha ndege ile, na aliyeirusha hahitaji kura ya mzee huyo.

Wafaransa waliondoka 2022. Kufikia hapo Mali ilikwisha kuwaita Warusi wa Wagner, kampuni ya mamluki, na Machi mwaka huohuo, katika kijiji cha Moura, wanajeshi wa Mali pamoja na wapiganaji wa kigeni waliua watu zaidi ya 500, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Mfadhili alibadilika, aliyekufa ni mwanakijiji yuleyule.

Nasi Wakenya tusijifanye watazamaji. Tangu Oktoba 2011 sisi ndio wageni wenye bunduki Somalia, na kwa miaka mingi posho za wanajeshi wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko, zilitoka Umoja wa Ulaya. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde, jimbo la Gedo, ilivamiwa, na misiba ikafika Eldoret na vijiji vingi vya huku kwetu. Serikali haikututangazia idadi kamili ya waliokufa. Ikiwa mzazi wa Eldoret ananyimwa hesabu ya wanawe, mfugaji wa Gedo ataidai wapi hesabu ya wake?

Kwa hiyo jibu langu: nchi inayozidiwa na ipokee, sitaiambia ife kwa heshima. Lakini mkataba upite bungeni, usomwe hadharani, na uandikwe wazi kwamba aliyeumizwa na mgeni atamshtaki katika mahakama ya nyumbani kwake. Msiseme ni jambo dogo. Moto ulipoteketeza nyika ya Lolldaiga, Laikipia, Machi 2021, wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza, wakazi walikwenda mahakamani, na ilikuwa 2025 ndipo fidia ikakubaliwa. Na kule hakukuwa na vita.