Mwanangu, kuhusu bunduki unayotaka kuweka nyumbani

Lubumbashi, Bel-Air

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza pamoja na mama yako. Umeuliza mambo matatu: ununue bunduki gani ya marisau (shotgun, ile inayorusha vipande vingi vya risasi kwa mara moja) kwa kulinda nyumba huko Fort Worth, uifunge vifaa gani, na uilaze wapi ilhali watoto wapo. Umesema bwana yako siku hizi anafanya kazi ya usiku, na kwamba jirani zenu wa barabara ya pili wamevunjiwa mlango. Nimekuelewa. Mama aliye peke yake usiku na watoto wawili ana haki ya kuwaza hivyo, na mimi siwezi kukukataza jambo ambalo sheria ya huko inakuruhusu. Ila nitaanzia mwisho wa swali lako. Kwanza tujue bunduki italala wapi, ndipo tuzungumze habari ya kununua.

Bunduki yangu ya kalibre 12, yenye mitutu miwili, ile niliyowindia upande wa Kasenga, hamkuwahi kuikuta nzima ndani ya nyumba. Mitutu ilikaa kwenye sanduku la chuma chumbani kwetu, kitako kikakaa stoo, na kartushi zilikuwa chini ya ufunguo wa mama yako. Kwa mwindaji mpango huo unatosha, maana ana jioni nzima ya kuiunganisha kabla ya safari. Wewe unataka bunduki utakayoishika kwa sekunde chache, gizani, moyo ukienda mbio. Kwa hiyo inabidi iwe karibu sana na wewe na mbali kabisa na kadogo wako wa miaka 4, humo humo chumbani. Ugumu wote wa jambo hili uko hapo.

Juu ya kabati hapafai. Nyuma ya mlango hapafai, wala chini ya kitanda. Mtoto wa miaka 9 anajua kila kilichofichwa ndani ya nyumba, hata pipi za Krismasi anazijua tangu Novemba. Nunua sanduku refu la chuma lenye kufuli ya kubonyeza namba, lile linalofunguka haraka bila kutafuta ufunguo, mlifunge kwa skrubu kwenye mbao za ndani ya ukuta au sakafuni, ndani ya kabati la nguo upande unaolala wewe. Namba yake isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote, na isiwe namba ya simu yako, maana kila nikipiga video ni huyo mkubwa anayeifungua simu kabla yako. Betri za kufuli zibadilishwe kabla hazijaisha, na ule ufunguo wa akiba ukae nje ya nyumba au kwenye mkufu wako. Waya wa kufuli unaopitishwa ndani ya bunduki ni mzuri kwa safari na kwa siku ambazo sanduku bado halijafika. Polisi wa miji mingi huko wanautoa bure kupitia mpango wa Project ChildSafe. Kwa usiku wa hatari hautakusaidia, kwa sababu kuuondoa ni kazi ya mikono miwili yenye utulivu.

Na sheria ya Texas yenyewe imelisema hili: mtu mzima akiacha bunduki iliyo tayari kufyatuka mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, na mtoto akaipata, huyo mtu mzima ana kosa la jinai. Wewe usingoje sheria. Waambie watoto waziwazi kwamba ipo, kwamba haiguswi, na kwamba wakiiona bunduki popote, hata kwa rafiki zao, watoke chumbani wakamwite mtu mkubwa.

Sasa nisikilize vizuri hapa, mama. Katika nyumba yako, mtu anayeingia usiku wa manane mara nyingi kuliko mwizi yeyote ni bwana yako. Siku moja kazi itaisha mapema, au ataugua, au simu yake itazima, naye atakuja saa nane za usiku akiingilia mlango wa gereji, akitembea polepole ili asiwaamshe. Wewe utasikia hatua tu. Kabla hamjanunua chochote, kaeni wawili mkubaliane: haingii kabla ya kupiga simu, na simu ikizima anasimama mlangoni anaita jina lako kwa Kiswahili mpaka umjibu. Wewe nawe hunyanyui bunduki kuelekea kitu ambacho hujakimulika na kukitambua uso. Sauti na kivuli havitoshi. Hata mtoto wako mkubwa akiamka kunywa maji ni kivuli. Kama mkwe wangu anaona hili ni jambo dogo, mwambie anipigie yeye mwenyewe.

Kisha mpange usiku wenyewe. Usitoke kwenda kumtafuta mtu ndani ya nyumba. Unawakusanya watoto chumbani kwako, unafunga mlango, wanakaa nyuma yako, unapiga 911 na unaacha simu wazi, kisha unapaza sauti kwa Kiingereza kwamba polisi wanakuja. Televisheni mwizi aiondoe na iende. Bunduki ni ya yule atakayevunja mlango huo wa pili baada ya kuonywa. Tazama pia watoto wanalala wapi. Kama chumba chao kiko ng'ambo ya korido, utalazimika kuvuka ili kuwachukua, na hapo mikono yako itakuwa na kazi ya kubeba mtoto. Kama mnaweza kubadilisha vyumba ili wawe upande wenu, fanyeni hivyo mwezi huu. Ni bure, na kwa maoni yangu kuna faida kuliko bunduki yenyewe.

Tazama na kuta, kwa sababu nyumba za huko si za matofali ya kuchoma kama zetu. Ukuta wa ndani ni vipande viwili vya jasi na hewa katikati. Kartushi ya marisau makubwa, ile wanayoiita 00, inabeba vipande 8 au 9, kila kimoja kina upana wa milimita 8 na zaidi, navyo vinapita kuta kadhaa za aina hiyo bado vikiwa na nguvu ya kuua. Marisau madogo ya ndege huchoka mapema zaidi, lakini hayo nayo hupita ukuta mmoja kwa urahisi, na hayategemewi kumsimamisha mtu. Hakuna kartushi inayomsimamisha mtu mbaya na kumwacha salama mtoto aliye nyuma ya jasi. Kwa hiyo simama chumbani mwako leo jioni, elekeza mkono mlangoni, ujiulize kuna nini nyuma ya mlango, na nyuma ya hapo tena. Kama ni kitanda cha jirani, utafute pembe nyingine ya kusimama.

Na usiamini wanaosema kwamba ukiwa na marisau huhitaji kulenga. Kwa urefu wa chumba, mita 4 au 5, yanafika yakiwa yamekusanyika upana wa ngumi. Ukikosa, umekosa yote.

Bunduki yenyewe sasa. Ningechukua ya pompa, ile unayovuta na kusukuma kishikio kilicho chini ya mtutu ili kartushi mpya ipande. Ni rahisi kwa bei, inavumilia kartushi za kila aina, na fundi yeyote wa huko anaijua. Mbili zinazojulikana zaidi ni Remington 870, iliyotoka 1950, na Mossberg 500 iliyofuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wewe unatumia mkono wa kushoto, basi kwako ni Mossberg: kitufe chake cha usalama kiko juu, mgongoni mwa bunduki, dole gumba la mkono wowote linakifikia. Kwenye Remington kiko nyuma ya kifyatulio na kimetengenezwa kwa mtu wa kulia.

Kuhusu kalibre, usione aibu kuchukua 20. Kalibre 12 ina mtutu wa milimita 18.5, kalibre 20 ni 15.6, na tofauti utaisikia begani. Mtu anayeumia kila akipiga huacha mazoezi, na mtu aliyeacha mazoezi hafai kushika bunduki ndani ya nyumba yenye watoto. Kitako nacho kikupime: weka mwisho wake kwenye mkunjo wa kiwiko, kidole kifike kwenye kifyatulio bila kunyoosha mkono. Vitako vingi vya kawaida vina inchi 14 hivi, vimekadiriwa kwa mwanaume mrefu. Kwa kimo chako tafuta cha inchi 12 au 13. Duka zuri litakuacha uishike mpaka uridhike.

Ukichagua kalibre 20, nyumbani isikae kartushi ya kalibre 12 hata moja, na ukichagua 12 isikae ya 20. Kartushi ya 20 ikiingizwa kimakosa kwenye bunduki ya 12 inateleza na kukwama ndani ya mtutu. Mtu anadhani chemba, yaani pale kartushi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu, anaweka ya 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka karibu na uso wake. Ndiyo maana siku hizi kartushi za 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano. Soma pia maandishi yaliyo kwenye mtutu: kama chemba ni ya inchi 2¾, usiweke kartushi ya inchi 3 hata kama inaingia.

Vifaa usirundike. Tochi iliyofungwa mbele, inayowaka kwa kidole cha mkono ulioshika kishikio, hiyo ni ya lazima kwa sababu niliyoeleza. Lakini tochi ya bunduki inaelekeza mtutu kila inakomulika, kwa hiyo uwe na nyingine ya mkononi kwa kutazama mambo mengine yote. Mkanda wa begani ni mzuri, utakuachia mikono kwa watoto. Vile vibebeo vya kartushi vya ubavuni, darubini na taa nyekundu ya kulengea acha kwanza. Pesa hizo zinunue kartushi za mazoezi, kinga ya masikio na macho, na saa kadhaa za mwalimu kwenye uwanja wa shabaha. Nunua na kartushi za bandia za plastiki, ujizoeze kuvuta kishikio mpaka mwisho kabisa. Mtu mwenye hofu huvuta nusu, kartushi mpya haipandi, akifyatua anasikia tiki tupu.

Ndani ya sanduku ilale hivi: kartushi ziko kwenye bomba lililo chini ya mtutu, chemba iko tupu. Kitufe cha usalama kinazuia kifyatulio tu, hakizuii bunduki iliyoanguka vibaya isijifyatue. Chemba tupu ndiyo inayozuia. Kila unapoitoa kuisafisha, toa kartushi zote, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Ukitoka kwenye uwanja wa shabaha unawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, kwa sababu ya vumbi la madini ya risasi, ambalo ni sumu.

Kwa karatasi, wewe na green card yako unaruhusiwa kununua kwa mwenye duka aliye na leseni. Utajaza fomu 4473 na jina lako litapitishwa kwenye ukaguzi wa FBI. Jibu kila swali kwa ukweli. Binamu yako aliye huko kwa viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki; akikuomba umnunulie kwa jina lako, mkatalie hata akilia, maana huo ni uhalifu wa serikali kuu na unaweza kukupotezea makaratasi yote. Mtutu usikatwe. Hapa kwetu tunajua ni watu gani wanaokata mitutu. Huko sheria ya 1934 inataka usipungue inchi 18, na adhabu inafika miaka 10 ya jela. Na usije ukafikiri utarudi nayo likizo. Sheria yetu ya silaha ya 1985 inataka kibali kwa kila bunduki, na uwanja wa ndege wa Luano si mahali pa kujieleza.

Kuna jambo ambalo wazazi wa hapa hatupendi kulitamka, lakini nitalitamka. Huko Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua. Kazi ya usiku inamla mtu, na kukaa mbali na ndugu kunamla pia. Siku ukiona mkwe wangu amenyamaza kupita kawaida, au wewe mwenyewe umechoka na maisha, bunduki itoke nyumbani siku hiyo hiyo, iende kwa mtu anayeruhusiwa kuishika, na mtupigie simu saa yoyote. Hatulali mapema.

Hapa Bel-Air usiku mtu akipiga kelele, majirani wanapiga sufuria na filimbi, na zamu wa barabara anakuja. Huko hamna sufuria, kwa hiyo wiki hii bisha kwa jirani wa kulia na wa kushoto, upeleke hata mandazi, mpeane namba za simu. Mwambie bwana yako atoe skrubu fupi za bamba la mlango, lile la chuma ambamo ulimi wa kufuli unaingia, zile zinazoshika mbao ya juu tu, aweke za inchi 3 zinazoingia mpaka kwenye nguzo ya ukuta. Aongeze taa inayowaka mtu akipita nyuma ya nyumba. Hayo yatamaliza chini ya dola 100 na mtu wa kuvunja mlango kwa teke atahangaika.

Nitumie picha ya korido na vipimo vya kabati lako la nguo, urefu na kina, tuone sanduku la kiasi gani litaingia. Jumapili baada ya misa nitapiga video. Mkwe awepo, na watoto wawe wamelala.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama unga wa bukari uliotumiwa umefika.

Baba yako