Zima taa, toa mguu kwenye breki

Mmeuliza wiki hii ni hali gani ya hewa iliyowahi kututisha kuliko zote. Yangu ni vumbi. Najua Uganda vumbi kila mtu analijua, mimi ni wa Tororo na nimepanda malori ya kwenda Moroto kiangazi kabla ya lami, nimeona vile vimbunga vyembamba vya Karamoja vinavyopita mbio uwandani, lakini ile ya Kuwait ya tarehe 25 Machi 2011 haifanani na hivyo kabisa.

Nilikuwa kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, nina wiki chache tu, ndo nafundishwa njia. Naendesha lori la maji kwenye barabara ya Salmi, ile inayokata jangwa kwenda mpaka wa Saudia, pembeni yangu kakaa mzee mmoja wa Mombasa aliyeishi Ghuba miaka mingi. Ilikuwa Ijumaa, magari machache. Joto limekaa, hakuna hata upepo wa kutikisa mfuko wa plastiki. Mbele nikaona kama milima ya rangi ya udongo, nikamwambia mzee wangu kumbe huku nako kuna milima, kama Elgon tunavyouona kutoka nyumbani. Hakunijibu. Akaanza kufunga vioo.

Kuwait haina mlima hata mmoja.

Ukuta ule ulikuwa unajipindua wenyewe kama uji unaochemka, chini mwekundu, juu kahawia, mwisho wake kushoto wala kulia huuoni. Baadaye mzee alinieleza kwamba ni hewa baridi inayokuja kwa nguvu chini chini, inaingia chini ya ile ya joto na kuchota kila kitu kilicho chepesi, na vumbi linaweza kupanda juu zaidi ya kilomita moja. Wasudani wanaita habub, maana yake kuvuma. Pale Kuwait nilisikia ghubar, nikashtuka kwamba ndo ghubari yetu hii ya kwenye mashairi, ile tunayosema imetanda moyoni.

Mimi nilitaka kukanyaga mafuta tufike. Mzee akasema, mwanangu, toka barabarani, toka mbali. Nikatoka, nikasimama, nikawasha taa zote na hazadi, zile taa za dharura za kuwaka na kuzima, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, na hapo ndo alipopiga kelele mara ya kwanza tangu nimjue: zima taa! Zima zote, vuta handbreki, toa mguu kwenye breki!

Nikazima. Sekunde chache tu mwanga ukawa wa chungwa, ukawa mwekundu kama damu, alafu giza tii, saa za alasiri hizo, nimeinua mkono wangu mbele ya uso siuoni. Mchanga ulikuwa unapiga bodi kama mvua ya mawe kwenye bati na lori zima linayumba. Mzee alilowesha kilemba chake kwa maji ya kunywa akakipasua, nusu yangu nusu yake, tukafunika pua na mdomo, ila vumbi lilikuwa linaingia hata pasipo na tundu, nalisikia kwenye meno. Nilimkumbuka mdogo wangu mwenye pumu, nikawaza angekuwa hapa angekufa, kweli angekufa.

Katikati ya giza hilo tukasikia mgongano, mzito, karibu sana.

Giza lilikaa kama nusu saa, vumbi jepesi likabaki mpaka usiku. Tulipoanza kuona, kulikuwa na magari mawili madogo pembeni ya lami, moja limepanda mgongo wa jingine, na lile la mbele hazadi zake bado zinawaka. Mzee hakuhitaji kunieleza lakini alinieleza: dereva wa nyuma haoni barabara, anaona taa tu, anadhani hilo gari linatembea, analifuata. Taa ya breki ni hivyo hivyo, ndo maana mguu unatoka. Tulishuka tukasaidia kuwatoa, walikuwa hai, mmoja mguu umevunjika.

Hapa Tororo vijana wananiaga kila siku wanaenda kuendesha huko, na maajenti wanawafundisha kusaini mkataba tu. Nikimpata mmoja namkalisha kwenye kiti, namwambia afumbe macho, namuuliza mkono wako uko wapi. Wengi unakuwa umeshaenda kwenye swichi ya taa.