Mkanda wa vyuma: ufunge lini, uache lini?

Maswali kuhusu mkanda wa kunyanyulia vyuma yamenifikia mengi, na mengi yanafanana. Haya sita yanabeba karibu yote.

Kocha, nina miezi miwili jimu. Kila anayebeba mzigo wa maana hapa kwetu amefunga mkanda. Na mimi ninunue? (Kijana, Mwanza)

Bado. Sasa hivi unajifunza kupiga skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, bila magoti kuingia ndani, na kuinua chuma kutoka sakafuni bila mgongo kupinda. Uzito unaobeba haujafika pa kudai mkanda. Siku utakapopiga skwati tano safi na uzito unaolingana na wako mwenyewe, kocha wako anakutazama na hana la kukukemea, tuzungumze tena. Kwa sasa hela hiyo inunulie mayai.

Mkanda unashika mgongo kweli au ni urembo? Wengine wanaufunga hata wakikunja mikono. (Msomaji, Dodoma)

Urembo sio, ila mgongo haushiki kama wengi wanavyodhani. Anayefanya kazi ni tumbo. Ukivuta pumzi ndefu ukaibana, kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kinashuka, misuli ya tumbo inakaza na shinikizo la ndani linapanda. Shinikizo hilo ndilo linalousaidia uti wa mgongo ubaki imara mzigo unapotaka kuukunja. Mkanda unalipa tumbo kitu cha kusukumana nacho, basi shinikizo linapanda zaidi. Ni habari ya tyubu na tairi: tyubu peke yake inavimba ovyo, ikikaa ndani ya tairi inabeba lori.

Ndiyo maana mtu anayejikaza mkanda mpaka macho yamtoke, halafu akanyonya tumbo ndani, hapati kitu. Jipime bila mkanda kwanza. Weka vidole kiunoni, ubavu huu na huu, vuta pumzi kwenda chini, kisha visukume vidole nje. Visiposogea, pumzi yako imeishia kifuani, na hakuna mkanda utakaokuokoa hapo. Vikisogea pande zote mbili, na kitovu nacho kikatoka, umeshajua kazi. Mkanda utaiongezea tu.

Ufunge kwenye skwati, dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni) na kusukuma chuma juu ya kichwa, tena kwenye seti nzito, yaani mizunguko ya kunyanyua yenye uzito mkubwa: tuseme kuanzia asilimia 80 ya uzito mkubwa unaouweza mara moja. Anayepiga skwati ya kilo 120 ataufunga akifika kilo 95 au 100. Seti za kupasha mwili piga bila, na ukimaliza seti ufungue upumue. Hao wa kukunja mikono waache, labda wanapiga picha.

Ni kweli ukizoea mkanda mgongo unalegea? (Msomaji, Nakuru)

Misuli hailali kwa sababu imefungwa. Mzigo ukiwa mzito inafanya kazi vilevile. Kinachopotea ni mazoea ya kujibana mwenyewe. Seti zako nyepesi zikibaki bila mkanda, hofu hiyo iondoe.

Shikamoo kocha. Mimi ni hamali, tunapakua magunia ghala moja hapa Mombasa. Tajiri katuletea mikanda ya mpira tuivae kutwa. Itatukinga?

Marahaba. Mimi nisingeitegemea. Taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya kazini, NIOSH, ililitazama jambo hili kwa miaka. Mwaka 2000 ulitoka utafiti wake uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa maduka makubwa wanaobeba bidhaa. Waliovaa mikanda kila siku hawakupungukiwa na maumivu ya mgongo kuliko wasiovaa.

Ukifikiri, haishangazi. Wa jimu anainua mara tano, miguu imetulia, pumzi ameibana, kisha anakaa. Wewe unainama, unageuka na gunia begani, unapanda ubao wa lori, na unarudia mpaka jioni. Nani atabana pumzi kutwa? Hatari nyingine ni kwamba mkanda unampa mtu ujasiri wa kubeba asichokiweza. Mwambieni tajiri alete mkokoteni, magunia yapangwe usawa wa kiuno badala ya chini, na la kilo 50 linyanyuliwe na wawili.

Nina presha na natumia dawa. Naweza kufunga? (Mama, Tanga)

Mama, usifunge mpaka daktari wako aseme. Kubana pumzi chini ya mzigo kunapandisha presha ghafla. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyuaji watano wenye uzoefu wakisukuma uzito kwa miguu, na wastani wa presha yao ukafika 320 kwa 250. Wewe chukua uzito mwepesi na utoe pumzi unaposukuma. Mwenye ngiri na mjamzito nao wamwone daktari kwanza.

Nikiamua kununua, nichukue upi? (Msomaji, Kampala)

Wa ngozi, wenye upana mmoja kuzunguka mwili mzima. Ule mpana nyuma na mwembamba mbele unalinyima tumbo ukuta pale pale linapouhitaji. Kanuni za shirikisho la kimataifa la powerlifting (mashindano ya kunyanyua uzito mkubwa), IPF, zinaruhusu upana usiozidi sentimita 10 na unene usiozidi milimita 13. Milimita 10 zinawatosha wengi. Kama kiwiliwili chako ni kifupi na mkanda unachoma mbavu, tafuta mwembamba zaidi.

Pima mzunguko wa tumbo kwenye kitovu, usitumie saizi ya suruali. Mkanda ukae kati ya mbavu na mifupa ya nyonga, na kabla hujavuta pumzi kidole kimoja kiweze kupita. Mpya utakuchubua, uviringishe huku na huku kila jioni mpaka ulainike. Tundu likikosekana pale unapolitaka, fundi viatu atakutobolea.