Barua kwa mwanangu aliyewasha taa ya mtoto

Mwanangu,

Marahaba. Huku Tanga hatujambo, na goti la mama yako limetulia tangu mvua zikatike. Ujumbe wako wa Jumamosi nimeusoma mara tatu. Nikaona ya simu hayatatosha, ndiyo maana naandika.

Umenieleza hivi. Mko ukumbini na watoto 20 wa miaka 8 hadi 11, likizo ya Juni, wanajifunza uhandisi, nawe ndiwe msaidizi wa mwalimu katika mafunzo yako ya vitendo. Siku ile walikuwa wanatengeneza tochi: betri 2, LED moja nyeupe (kile kitaa kidogo chenye miguu miwili), swichi ya kipande cha boksi na karatasi ya foili. Kijana mmoja wa miaka 9 tochi yake ikakataa. Akaifungua, akaifunga, ikakataa tena. Saa sita wazazi wanakuja kuwachukua, na mwalimu wenu anataka kila mtoto aondoke na tochi inayowaka. Ukainama, ukaigeuza ile LED, ikawaka. Mtoto akaitazama, akaiweka mezani, akaenda kusimama dirishani. Ndipo ukaniuliza: "Baba, taa iliwaka, mbona mtoto alizimika? Nilikosea wapi?"

Ulimchukulia ubovu wake, mama. Ule ubovu ulikuwa mali yake. Ameupata kwa mikono yake mwenyewe, ameuhangaikia robo saa, na pengine alikuwa hatua mbili tu kuufikia. Wewe ukaja ukaondoka nao. Akabaki na tochi inayowaka ambayo haijui, mfano wa zile zinazouzwa dukani.

Sikulaumu hata kidogo. Naijua hiyo haraka kwa sababu niliishi chini yake. Mwaka 1983, nikiwa na miaka 16, nilikwenda kujifunza redio kwa fundi mmoja pale Ngamiani, Barabara ya 12. Mungu amrehemu, alikuwa hodari na alinilisha vizuri. Lakini alikuwa hana subira. Nikishafungua redio tu, "Lete, lete," ananipokonya, anagusa hapa, anagusa pale, inaimba. Kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa, maana chuma chetu cha kuchomea risasi, ile ya kuunganishia nyaya, kilikuwa cha kichwa cha shaba, tunakipasha jikoni. Baada ya miaka 2 nilikuwa nachoma risasi ikang'aa kama tone la maji, na rangi za rezista, vile vidude vya kupunguza umeme, nimezihifadhi zote: kahawia, nyeusi, nyekundu, hiyo ni omu 1,000. Ukinisikia unasema huyu tayari fundi.

Siku moja akaenda Pangani msibani. Mzee mmoja akaleta redio yake inakoroma. Nilikaa nayo toka asubuhi hadi magharibi na sikujua hata pa kuanzia. Nilikuwa nimemwona yule fundi akipata, sijawahi kumwona akitafuta. Mzee alirudi akitaka kuwahi taarifa ya habari, nikamkabidhi redio yake ikiwa imefunguliwa, skrubu zake kwenye kikaratasi. Hakunifokea. Aliikumbatia akaondoka nayo, na mpaka leo nikiikumbuka ile kanzu yake ikiishia kwenye kona, moyo unaniuma.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijapata kukwambia. Unaikumbuka ile baiskeli ya Phoenix? Ulikuwa na miaka 10. Kaka yako alikuwa ameipaka rangi upya, nyekundu nzito, na wewe ukaomba ufunge dainamo, ile inayozalisha umeme gurudumu likizunguka, peke yako. Ukaifunga vizuri, ukavuta waya mmoja hadi kwenye taa ya mbele, ukazungusha gurudumu. Kimya. Ulihangaika nayo siku tatu, na mama yako akanigombeza kwamba mtoto hali na mimi nipo nimekaa. Mimi niliujua ubovu jioni ya kwanza, nikiwa bado nimesimama mlangoni. Dainamo ya baiskeli ina waya mmoja wa kupeleka umeme, na njia ya kurudi ni fremu yenyewe. Ndiyo maana kishikizo chake kina ile skrubu ndogo yenye ncha, ili itoboe rangi iguse chuma. Wewe hukuikaza, na rangi mpya ilikuwa imefunika kila mahali.

Kunyamaza kule kulinigharimu, mwanangu. Mara ngapi nilishika bisibisi nikairudisha. Siku ya pili ndipo nikakuuliza swali moja tu: "Umeme umetoka kwenye dainamo umefika kwenye taa. Kurudi unapitia wapi, na waya ni mmoja?" Ukanikasirikia, ukasema umeme haurudi. Ukaondoka. Kesho yake baada ya shule nikasikia sauti ya msumari unakwangua chuma. Nikachungulia. Umepiga magoti, rangi nyekundu imejaa chini ya kucha zako, unasafisha pale kishikizo kinapokaa. Ukakaza skrubu. Ukazungusha gurudumu kwa kiganja, taa ikatoa mwanga wa njano, hafifu, ikazimika. Ukazungusha tena kwa nguvu. Hukuniita mimi, ulimwita mama yako, na ukamweleza yeye kwamba umeme unarudi kwenye fremu.

Hivyo ndivyo ningependa umfanyie yule kijana, na ninajua kwako ni kugumu zaidi. Mimi nilikuwa na siku tatu na mtoto mmoja, wewe una saa mbili na watoto 20. Lakini angalia ubovu wenyewe ulikuwa upi. Betri 2 za volti 1.5 zikifuatana ni volti 3. LED ikigeuzwa nyuma-mbele hairuhusu umeme upite, na kwa volti hizo haiungui. Angeweza kukaa nayo mpaka jioni asiharibu kitu. Kosa lisilo na hasara kama hilo halipatikani kila siku kwa anayejifunza, ukiliona, mwachie.

Kumwachia si kumtupa. Mtoto aliyekwama peke yake anakata tamaa upesi, na akikata tamaa hatakuwa amejifunza chochote. Kaa naye chini, usimsimamie kichwani. Mikono yako iweke mapajani, uikalie ikibidi. Mwambie akuonyeshe kwa kidole njia ya umeme, toka betri mpaka betri. Aghalabu kidole kinasimama chenyewe penye ubovu. Kisipotosha, mwombe aazime LED ya jirani yake inayowaka, aiweke kwenye tochi yake, halafu betri, halafu swichi, kimoja kimoja, asibadilishe viwili kwa mpigo. Mafundi wote tunafanya hivyo, hata mwenye mita ya kupimia umeme ya bei kubwa. Atakapoiangalia LED ya mwenzake kwa makini ataona ina mguu mrefu na mguu mfupi, na mrefu umeelekea wapi. Hilo la miguu, akiliona mwenyewe, hatalisahau.

Kuna mahali ambapo hutakiwi kungoja hata dakika. Foili ikiunganisha ncha mbili za betri moja kwa moja, betri hupata moto, ingia, itoe. Gundi ya moto na wembe, mkono wako uwe karibu. Umeme wa ukutani, volti 230, usiguswe na mtoto yeyote katika ukumbi huo, hata kwa chaja ya simu iliyofunguliwa. Na kama mtatumia zile betri bapa za saa, nakusihi, zihesabu kabla na zihesabu baada, uandike namba kwenye karatasi. Mtoto akimeza moja huweza kumuunguza umio, ile njia ya chakula kooni, ndani ya saa 2. Ikikosekana na una shaka, ni hospitali moja kwa moja, hakuna kusubiri kuona. Hayo mengine yote tuyabishanie, hilo halina mjadala.

Kuhusu wazazi wa saa sita: zungumza na mwalimu wako kwa adabu, mwambie unaomba mtoto ambaye tochi yake haijawaka amweleze mzazi wake amejaribu nini na nini. Mzazi amelipa pesa, ana haki ya kuona kitu, na mtoto anayesema "nimebadilisha betri si betri, nimebadilisha swichi si swichi, imebaki LED" ni kitu cha kuona. Mwalimu akikataa, mtii. Ukumbi ni wake.

Jumamosi ijayo mtafute yule kijana mapema, kabla kelele hazijaanza. Umwombe radhi. Mwambie hivi hivi: "Wiki iliyopita nilikuchukulia kazi yako, na haikuwa yangu." Watoto wanaelewa hilo kuliko tunavyodhani. Kisha umpe vifaa vipya, na uende kwa mwingine.

Neno jingine hukuliuliza ila nililiona mwishoni mwa ujumbe wako, uliposema wenzako wamepangiwa Rufiji, kwenye bwawa la umeme lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na wewe unahangaika na volti 3. Nimelifikiria sana. Kule maji yanazungusha, pale gurudumu linazungusha, lakini ndani ni jambo lile lile: sumaku inazunguka karibu na koili ya shaba na umeme unazaliwa. Utakwenda Rufiji, au utakwenda kwingine, umri unao. Yule mtoto wa miaka 9 anao mwezi huu mmoja tu na wewe.

Nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi kifurushi, kapokee stendi ya mabasi ya Magufuli, hapo Dar es Salaam, kuanzia saa saba. Ndani kuna ile dainamo yenyewe, niliitunza, pamoja na taa yake, waya mmoja, na kipande cha fremu nilichokipaka rangi jana. Ile skrubu yenye ncha nimeitoa, iko kwenye bahasha peke yake. Wape watoto dainamo kwanza.

Baba yako