Umepewa usupavaiza wa kupiga dawa ghalani? Soma hii kwanza

Juzi kijana mmoja wa Urambo kanitumia meseji. Kapandishwa, alikuwa anapanga marobota sasa ndo supavaiza wa kupiga dawa kwenye ghala la tumbaku, anauliza, "Kaka shikamoo, kuna jamaa wanatoa mafunzo ya usalama kwa masupavaiza, hela yao ndefu, nilipe au kwa uzoefu huu nilionao sina haja?" Nikaanza kumjibu nikaona jibu linazidi kurefuka, na najua wengi mnaopita hapa mnautaka huo usupavaiza au mnao tayari, basi someni wote.

Mdogo wangu, marahaba, na hongera. Lipa. Ila usilipie cheti.

Kwa ambao hawajawahi kuingia humo, tumbaku ikishakaa ghalani inaliwa na mdudu mdogo wa kahawia, na dawa yake ni vile vidonge vya kijivu ambavyo wengine wanavitia hadi kwenye magunia ya mahindi chumbani wanakolala, Mungu atusamehe. Kidonge cha gramu 3 kikikutana na unyevu wa hewani kinatoa gramu 1 ya gesi ya fosfini. Unafunika marobota kwa turubai, unalaza mifuko ya mchanga kwenye pindo lote gesi isitoke, unafunga, unabandika alama ya fuvu mlangoni, unasubiri siku kadhaa. Kibarua anafundishwa hayo kwa nusu saa na anayaweza. Kazi yenyewe iko kwenye kufungua.

Maana siku ya kufungua kila mtu anakuwa mtaalamu. Utasikia "hamna harufu, ingieni". Hiyo gesi wapo wanaosikia kama vitunguu saumu, wapo wanaosikia samaki aliyeoza, wengine hawasikii kitu, na kiwango ambacho sheria ya Marekani inaruhusu mtu kufanyia kazi kutwa nzima ni 0.3 kwa milioni, yaani sehemu 0.3 za gesi kwenye sehemu milioni za hewa, kwa hiyo pua yako inaweza isikuambie chochote na wewe umeshapitiliza. Ikifika 50 Wamarekani wanahesabu hapo ni hatari ya uhai moja kwa moja. Na dawa ya kuiondoa mwilini haipo, hospitali watakusaidia kupumua na kushikilia moyo, basi.

Sasa nisikilize kisa changu, na simtaji mtu. Msimu mmoja hapa Tabora nilikuwa nasimamia ghala fulani, malori ya kwenda Morogoro yamepanga mstari nje tangu alfajiri, madereva wanapiga honi, bosi simu haimkauki. Milango tumeshafungua, upepo unapita vizuri. Nikapima mlangoni, mita ya kupimia gesi ikasoma 0.1, bosi akaiona kwa macho yake akasema haya, pakieni. Nikamwambia mzee subiri, nikavaa barakoa ya uso mzima nikaenda na mwenzangu mpaka katikati ya rundo, nikachomeka mpira wa mita katikati ya marobota mawili kule chini. Ikapanda, 0.8, 1.4, ikasimama 2 na ushee. Nikatoka nikamwonyesha. Akaniambia wewe kijana unaringa na kidude chako. Nikasema mzee mimi siringi, namba hii hapa, ukitaka waingie andika kwa mkono wako kwamba umeruhusu, mimi nisaini pembeni kwamba nimekataa. Hakuandika. Malori yakalala.

Usiku ule hakuna aliyeumwa. Na mama lishe aliyekuwa anapika uji amejibanza kwenye ukuta wa ghala nilishamhamisha siku tunafunga, na mlinzi nilimtoa kile chumba chake kilichoshikana na ghala maana gesi hii inapita kwenye nyufa, alininunia wiki nzima. Msimu uliofuata sikuitwa. Kazi kapewa mtu ambaye mita hajawahi kuishika, na hadi leo tukikutana sokoni anajifanya anaongea na simu. Sawa tu. Vibarua wale wale ndo wananipigia kuniuliza, "Bro, leo tuingie au tusiingie?"

Ndo maana nasema lipa. Sio kwamba mafunzo yatakufundisha kupanga vidonge, hiyo unajua. Supavaiza anatakiwa ajue kitu kingine kabisa. Wenzetu Marekani sheria yao ya maeneo ya taka hatarishi, ile wanaiita 1910.120, inataka msimamizi akae darasani masaa 40 sawa na watu wake na siku 3 za vitendo, halafu anaongezewa masaa 8 ya peke yake: mpango wa usalama wa kazi, vifaa vya kinga, kudhibiti kilichomwagika, na namna ya kupima hatari yenyewe. Huku kwetu tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, OSHA wapo, ule wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na upande wa viuatilifu kuna TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa hiyo usiseme hakuna pa kuuliza. Tatizo letu tunampa mtu usupavaiza kwa sababu ana sauti kubwa na anawahi kazini. Jamani! Sauti haipimi gesi. Kijana, ukishavaa hiyo fulana ya njano roho za watu ziko mkononi mwako, mke wa kibarua hamjui bosi, anakujua wewe.

Tena usipuuze lile vumbi linalobaki vidonge vikiisha. Watu wanalizoa wanalitia kwenye mfuko wa plastiki wanafunga, kumbe bado lina dawa ndani, gesi inajikusanya inaweza kuwaka. Na barakoa ya vumbi ile ya duka la dawa haizuii kitu hapa, unataka yenye kichujio cha gesi hii, na gesi ikipita 15 kwa milioni au kama hujui imefika ngapi basi ni mtungi wa hewa mgongoni, huna mtungi huingii. Nimesema pima, narudia pima, mlangoni, katikati, chini, chumba cha jirani.

Kabla hujatuma hela waulize hao jamaa maswali haya: mita itakuwepo darasani na mimi nitaishika? Tutaingia ghalani au ni slaidi tu? Wakisema ni slaidi na chai ya saa nne, waache, tafuta wengine. Halafu rudi kwa aliyekupandisha cheo, mwombe kwenye barua yako aongeze mstari mmoja kwamba supavaiza ana mamlaka ya kusimamisha kazi. Akikataa kuuandika, nitumie meseji tuongee kabla hujasaini.