Maswali Yenu: Gesi ya Dampo, Tuanzie Wapi?

Toleo lililopita tuliandika kuhusu methani, gesi inayotoka kwenye taka katika nchi zinazoendelea, na maswali yamekuja mengi, haya hapa baadhi.

Mhariri, viwanda vyenyewe hatuna, hivi kweli na sisi tunasumbuliwa na gesi ya dampo? Si waanze matajiri?

Ndugu yangu, kwenye hewa ukaa, ile gesi ya moshi wa viwanda na magari inayopasha dunia joto, una haki kabisa ya kuuliza hivyo. Ila methani ya taka ni kesi nyingine, manake hii haihitaji kiwanda, inahitaji tu kitu kinachooza na mahali pasipofika hewa. Kwenye nchi maskini zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani, nchi tajiri ni kama theluthi tu. Ukijumlisha dunia nzima, taka na maji machafu ndo karibu asilimia 20 ya methani yote inayotokana na shughuli za binadamu. Na hii gesi ni kali, kwa kipindi cha miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, ila haikai sana angani, kama miaka 12 hivi, kwahiyo ukiipunguza leo faida yake unaiona wewe mwenyewe, sio wajukuu peke yao.

Halafu tusiongelee hali ya hewa tu. Februari 2005 kule Leuwigajah, Indonesia, mlima wa taka uliporomoka baada ya mvua kubwa na mlipuko wa methani, ukafukia watu zaidi ya 140. Wanaolala karibu na madampo ni maskini, na mimi hili linaniuma kuliko takwimu zote.

Sisi taka tunachoma, si tumemaliza tatizo?

Hapana dada. Methani kweli inapungua, ila unabaki na masizi na moshi wa plastiki wenye sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wako. Na taka mbichi zenye maji mengi haziungui vizuri hata ukilazimisha.

Halmashauri yetu inataka kufunga dampo la wazi ijenge la kisasa, taka zishindiliwe na kufukiwa na udongo. Methani itaisha, si ndiyo?

Hapa naomba usome taratibu, manake wengi hata viongozi wanapakosea. Inaweza KUONGEZEKA. Dampo la wazi lenye kina kifupi hewa inapenya, sehemu kubwa ya taka inaoza kwa oksijeni na methani inakua kidogo. Ukizishindilia na kuzifunika umewapa wale bakteria wasiopenda hewa nyumba nzuri kabisa. Wataalamu wa IPCC, lile jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, kwenye mahesabu yao ya methani dampo la namna hiyo wanalipa alama 1, la wazi lenye kina cha chini ya mita 5 wanalipa 0.4, yaani taka zilezile, gesi mara mbili na nusu!

Sasa utaambiwa usijali, tutaweka mabomba ya kuvuta gesi. Mabomba ni mazuri, lakini mara nyingi yanawekwa baada ya sehemu ya dampo kujaa na kufungwa, na chakula kwenye joto na mvua hakisubiri, nusu yake inakua imeshaoza ndani ya miaka kama 2. Kwahiyo gesi nyingi ya mwanzo inakua imeshaondoka kabla bomba halijafika. Sisemi mbaki na dampo la wazi, hapana, lile linatia sumu maji, linaleta magonjwa na linaua. Nachosema ni kwamba nendeni kwenye kikao mkaulize swali moja: taka zinazooza zitatenganishwa kabla ya kufika huko au zitafukiwa pamoja? Kama jibu ni zitafukiwa, basi waulizeni mabomba yanaanza lini, na nani anayalipia.

Na hiyo gesi si inaweza kuzalisha umeme tukapata hela?

Inaweza, Durban kule Afrika Kusini wamefanya. Ila ni kwa dampo kubwa, lenye kina, linalosimamiwa vizuri. Kwa mji mdogo mimi ningeweka hela kwenye mboji kwanza.

Nyumbani natenganisha taka vizuri, halafu gari likija wanachanganya zote. Nimechoka.

Una haki ya kukasirika mama, na kosa si lako hata kidogo. Kutenganisha bila ratiba ya kuzoa ni kuwasumbua watu bure, inatakiwa taka mbichi zibebwe siku yake na kavu siku yake. Ndo mana mimi naona miji ianzie kwenye masoko, mahoteli na mashule, kule taka mbichi zipo nyingi sehemu moja na gari moja linatosha, nyumba kwa nyumba ifuate baadae. Na waokota taka waingizwe kwenye mpango tangu mwanzo, wao ndo wanajua nini kinatoka wapi.

We ukiwa na nafasi, hizo taka mbichi unazotenganisha zifanye mboji hapohapo nyumbani, ila igeuzegeuze na uchanganye majani makavu. Ikianza kunuka kama yai viza ujue hewa haipiti, na hapo nayo inatoa methani.