Mwalimu Mstaafu Anajibu: Niweke nini kwenye jalada langu la kazi la kwenye simu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la pili mkoani Kigoma. Mwalimu mkuu ametuagiza kila mmoja awe na jalada la kielektroniki la kazi zake, tuwe na cha kuonyesha tukipimwa kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Simu yangu ndogo, bando la kuungaunga. Nilivyo navyo ni vyeti vya semina na picha za mahafali. Vinatosha? Na huku si kufanya kazi mara mbili?
Mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vyeti weka viwili vitatu, ila usitegemee vikusemee. Cheti kinasema ulikaa semina, hakisemi ulirudi darasani ukafanya nini. Picha za mahafali waonyeshe nyumbani.

Wewe anza na daftari la imla. Tuseme mwezi wa kwanza umetamka "nyumba", mtoto kaandika "yuba". "Ng'ombe" kaandika "gobe". Piga picha ukurasa huo, chini yake andika mistari mitatu: silabi mwambatano zinampita, nimekata kadi za nyu, mba na ng'o kwenye maboksi ya sabuni, tunazisoma kila asubuhi kabla ya somo. Mwezi wa nne piga tena daftari la mtoto yuleyule. Safari hii kaandika "nyuba". Piga hivyo hivyo! Walimu wengi husubiri mtoto apatie yote ndipo watoe simu, na hapo ndipo jalada linapokosa ladha. Hiyo "nyuba" inaonyesha ny imeingia, mb bado. Mthibiti ubora wa shule anayejua kazi yake atakuuliza mb unaifanyaje, nawe unalo la kumjibu. Picha hizo mbili zipeleke pia kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, hapo shuleni. Mwenzako akikupa mbinu, iandike kwenye jalada, na wiki ijayo uandike kama imefanya kazi au imegoma. Ikigoma iache humo humo.

Kazi mara mbili? Ndiyo, ukisubiri mwaka wa fedha ukaribie kuisha Juni ndipo uanze kukumbuka ulifanya nini Septemba. PEPMIS, tangu ichukue nafasi ya makaratasi ya OPRAS, inataka utekelezaji uingizwe kadiri kazi inavyokwenda. Mwenye jalada anachukua humo tu.

Bando lisikutishe. Kupiga picha hakuhitaji mtandao. Fungua folda moja kwa kila muhula, ukifika penye mtandao unapandisha. Google Drive inatoa GB 15 bure, na madaftari ya imla hayataijaza leo wala kesho. Iwe akaunti yako mwenyewe, si ya ofisi, maana uhamisho haupigi hodi.

Ila jina la mtoto lizibe kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga, na sura yake isionekane. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtoto wa darasa la pili naye imo kwa ajili yake. Kwenye grupu la WhatsApp la walimu usirushe kabisa.

Mwalimu mkuu akidai kurasa arobaini, mwulize kwa adabu atazisoma lini. Kama anasoma safu hii, nami namwuliza hapa hapa.